Nguruwe Mweusi wa Haiti na Deni la Leta



Neno «fidia» tunalisikia mara nyingi kanisani. Tunajua kwamba Mwana wa Adamu alitoa nafsi yake iwe fidia ya wengi (Marko 10:45). Lakini neno hilo lina kazi nyingine katika ofisi za Leta. Huko fidia ni feza anayolipwa mtu ambaye mali yake imechukuliwa au imeharibiwa kwa ajili ya faida ya watu wote. Leo tunataka kuuliza swali moja tu juu ya fidia hiyo. Leta inapoua mnyama wa mtu ili kuzuia ugonjwa unaoambukiza, je, feza anayopewa mwenye mnyama ni huruma, au ni deni?

Msiseme kwamba swali hili ni la wakubwa tu. Anayefuga mbuzi wawili nyuma ya nyumba, swali ni lake. Na jibu tunalolichagua linageuza mambo mengi: nani alipwe, alipwe kiasi gani, na nani aone haya wakati wa kupokea. Anayepokea huruma huinamisha kichwa na kusema asante. Anayelipwa deni huhesabu feza yake mbele ya mlipaji, na kama imepungua anasema imepungua.

Tutazame kwanza jambo lililotokea Haiti, kwa maana kule swali hili liliulizwa kwa bunduki na kwa rungu. Haiti iko katika kisiwa kimoja na Jamhuri ya Dominika. Watu wake ni wazao wa watumwa waliotolewa Afrika, na wengi sana kati yao walitolewa katika pande za Kongo. Kwa hiyo tunaposema habari zao hatusemi habari za wageni kabisa.

Wakulima wa Haiti walikuwa na nguruwe wao, mdogo, mweusi, mzao wa nguruwe walioletwa na Wahispania tangu siku za Columbus. Najua wengi kati yetu hatuli nyama ya nguruwe, na tuna sababu zetu. Lakini hapa hatusemi habari za sahani, tunasema habari za mwenye mali. Nguruwe yule hakununuliwa chakula. Alikula maganda, maembe yaliyoanguka, mizizi, na uchafu wa kijiji. Alivumilia jua na njaa. Wakulima hawakuwa na banki, basi nguruwe ndiye alikuwa banki yao. Masomo yalipofunguliwa aliuzwa mmoja, watoto wakalipiwa. Mtu alipougua, au alipokufa, au kijana alipotaka kuoa, aliuzwa mwingine. Mama mwenye nguruwe jike mwenye mimba hakuwa tajiri, lakini alilala usingizi.

Mwaka 1978 pesti ya nguruwe ya Afrika iliingia katika Jamhuri ya Dominika, na mwaka 1979 ikahakikishwa katika Haiti. Ugonjwa huu asili yake ni kwetu Afrika. Aliyeuandika mara ya kwanza ni munganga wa wanyama aliyeitwa Montgomery, katika Kenya, mwaka 1921. Ngiri wa porini wanauchukua bila kuugua, na papasi, wale tunaowaita kimputu, wanaokaa katika mashimo ya ngiri, wanauhifadhi katika miili yao. Nguruwe wa nyumbani akiupata, mara nyingi anakufa kwa siku chache. Mtu haambukizwi. Lakini nyama isiyopikwa vizuri inaubeba mbali sana. Mwaka 1957 ulivuka kutoka Angola mpaka Lisbon katika Ureno, nguruwe wa karibu na uwanja wa ndege walipolishwa mabaki ya chakula. Wakati ule hapakuwa na dawa wala chanjo. Ilibaki njia moja tu: kuua.

Jamhuri ya Dominika iliua nguruwe wake wote. Haiti ilikuwa chini ya Rais Jean-Claude Duvalier, na Marekani iliogopa sana kwamba ugonjwa ungevuka bahari na kuharibu ufugaji wake mkubwa. Mpango ukatengenezwa, wa karibu dola milioni 23, Marekani, Kanada na Meksiko zikasaidia. Kati ya 1982 na 1983 watu wa mpango walipita kijiji kwa kijiji wakaua nguruwe wote waliobaki. Bei ya fidia iliwekwa hivi: dola 40 kwa nguruwe mkubwa, dola 20 kwa wa katikati, dola 5 kwa mtoto.

Shikeni neno hili: ilipofika 1982 wafugaji wengi hawakuona tena nguruwe anayekufa. Wenye kuugua sana walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki walisimama, walikula, walizaa. Munganga wa wanyama anajua kwamba nguruwe aliyepona anaweza kubeba ugonjwa ndani yake, na kwa hiyo alikuwa na sababu yake. Lakini mwenye nguruwe aliona nini? Aliona mnyama mzima anapigwa mbele ya nyumba yake.

Hapa ndipo swali letu linapoanza kuwa gumu. Msiba na kuchukuliwa ni mambo mawili. Ugonjwa ukiingia ndani ya kibanda changu ukaua nguruwe wangu, hakuna mtu aliyeninyang'anya. Majirani watakuja kunipa pole, na kama wana moyo mzuri watanipa mtoto mmoja wa nguruwe nianze tena. Hiyo ni huruma, na ni tamu, lakini siwezi kumshitaki jirani asiyenipa. Torati ya Musa inajua tofauti hiyo. Katika Kutoka 22:10-13, mtu aliyewekewa mnyama na mwenzake halipi kama mnyama amekufa bila mtu kuona na yeye ameapa, wala halipi kama ameraruliwa na mnyama mkali na mabaki yameletwa kama ushahidi. Lakini akiibiwa mikononi mwake, analipa. Hasara yake mwenye mnyama ni ileile katika habari zote tatu, kwa maana mnyama wake hayupo tena. Lakini deni si lilelile.

Sasa mtu wa Leta anayeua nguruwe mzima anasimama wapi? Fikirini moto umewaka katika kijiji chenye nyumba za majani, na upepo unavuma. Watu wanakimbia, wanaivunja nyumba ya Papa fulani iliyo katikati, ili moto usipate njia. Nyumba yake haijaungua. Labda ingeungua, labda upepo ungegeuka, hakuna ajuaye. Kijiji chote kinapona kwa sababu ya nyumba moja iliyovunjwa. Asubuhi watu wakipita mbele yake wakasema «pole, Papa, ni mapenzi ya Mungu», kisha wakaenda kulala katika nyumba zao zilizopona, je, wamesema kweli? Nyumba hiyo haikuvunjwa na Mungu. Waliivunja wao wenyewe, na walifanya vema kuivunja, na kwa sababu hiyohiyo wana deni. Wengine wanadhani kwamba mtu akitenda jambo jema hawezi kubaki na deni. Sivyo. Mtu anaweza kuwa na haki ya kuchukua, na bado akabaki na wajibu wa kulipa.

Nguruwe wa Haiti alikuwa kama nyumba ile. Aliuawa ili wengine wapone, na wengi wa wale wengine walikuwa mbali, wafugaji wa Marekani wenye maelfu ya nguruwe ambao hawakumjua hata kwa jina yule mama wa Haiti. Kwa hiyo ilikuwa haki kwamba feza itoke kwao pia. Katika jambo hilo mpango haukukosea.

Lakini kuna watu wenye akili waliosimama upande mwingine, na tuwasikilize. Katika miaka ya 1865 mpaka 1867 sotoka, ule ugonjwa mkali wa ngombe, uliharibu Uingereza, na mwaka 1866 bunge likafanya sheria ya kuua ngombe na kulipa fidia. John Stuart Mill, mwalimu mkubwa wa falsafa, alikuwa mbunge wakati ule. Alionya hivi: ngombe wakipungua, bei ya nyama inapanda. Mwenye ngombe aliyebakiwa na ngombe anapata faida katika bei hiyo, kisha mnampa tena fidia kutoka katika kodi. Na mtu maskini wa mjini, asiye na hata ngombe mmoja, analipa mara mbili, sokoni na kwenye kodi. Neno lake ni zito. Wenye ngombe wengi wakati ule walikuwa matajiri wenye mashamba, na maskini ndiye alinunua nyama yao. Fidia inaweza kuwa mkono unaochukua kwa mdogo na kumpa mkubwa.

Hata hivyo neno la Mill halibomoi neno letu. Linatufundisha tu kuuliza nani anamlipa nani. Katika Haiti mambo yalikuwa kinyume: mwenye mnyama ndiye maskini, na aliyeokolewa ndiye tajiri. Sheria ile ya 1866 yenyewe ilijaribu kupima. Kwa mnyama mgonjwa ililipa mpaka nusu ya bei, kwa mnyama mzima aliyekaa pamoja na wagonjwa ililipa mpaka robo tatu. Ninaona hekima hapo. Mgonjwa alikuwa amekwisha kushikwa na msiba, basi sehemu kubwa ya hasara ni ya msiba. Mzima amechukuliwa. Mimi ningesema mzima alipwe bei yake yote, na hata zaidi, lakini mwanzo wa kupima ni ule.

Na tunapopima, tunapima nini? Hapa ndipo mpango wa Haiti ulipoanguka, na ndipo pengine pia hupoangukia. Waliuliza: nguruwe huyu anauzwa kiasi gani sokoni? Swali hilo linafaa kwa mtu anayeuza. Lakini anayeuza anachagua siku yake. Mama wa Haiti aliuza nguruwe siku masomo yalipofunguliwa, hakuuza kabla wala baada. Ukimwua leo ukampa dola 40, umemlazimisha afungue banki yake siku ambayo hakuihitaji, na feza ikikaa ndani ya nyumba ya maskini haikai: kuna deni la chumvi, kuna ndugu aliyekuja, kuna paa linalovuja. Tena dola 40 hazizai. Jike yule angezaa watoto, na watoto wangezaa. Na fikirini zile dola 5 za mtoto wa nguruwe! Kwa mwandishi wa mpango, mtoto wa nguruwe ni kitu kidogo chenye kilo chache. Kwa mkulima ni mbegu. Nani anahesabu bei ya mbegu kwa uzito wake?

Nabii Natani alipomwendea Daudi (2 Samweli 12) alimweleza habari za maskini aliyekuwa na kondoo jike mmoja mdogo, aliyekula pamoja naye na kulala kifuani pake, na tajiri akamchukua. Daudi alikasirika, akasema lazima alipwe mara nne. Sokoni kondoo yule hakuwa na bei ya kondoo wanne. Lakini mfalme, hata kabla ya kujua kwamba anasemwa yeye mwenyewe, aliona kwamba kondoo wa pekee wa maskini na kondoo mmoja katika mia za tajiri si kitu kimoja.

Baada ya kuua, mpango ulileta nguruwe wengine, weupe, wakubwa, kutoka Iowa katika Marekani. Walitaka maji safi. Walitaka chakula cha kununua. Walitaka kibanda chenye saruji na paa, na huko vijijini wakulima wengi wenyewe walikosa hivyo. Watu wa Haiti wakawacheka, wakawaita «mtoto wa mfalme mwenye miguu minne». Kicheko hicho kilikuwa na machozi ndani yake. Mtu aliyeharibu banki yako akakupa banki nyingine inayokula feza yako kila siku, amekulipa nini? Ndiyo maana ninasema kwamba kulipa kwa mnyama kunafaa kuliko kulipa kwa feza pale tu mnyama mwenyewe anapofanana na maisha ya yule anayempokea. Katika Botswana, mwaka 1995 na 1996, ugonjwa wa mapafu wa ngombe uliingia upande wa Ngamiland, Leta ikaua ngombe karibu 320,000. Nchi ile ina feza na ina utaratibu, na fidia ilitolewa, kwa ngombe na kwa feza. Lakini hata pale, kati ya siku ya kuua na siku ya ngombe mpya kutoa maziwa kuna miezi mirefu, na mtoto hanywi karatasi.

Lipo jambo jingine ambalo watu wa ofisi hulisema sana. Wanasema: tuwalipe wafugaji, kwa maana tusipowalipa wataficha wanyama wao, na ugonjwa utaendelea. Ni kweli kabisa. Katika Haiti wengi waliwahi kuuza au kuchinja nguruwe wao kwa bei ya chini kabla watu wa mpango hawajafika, na hao hawakupata fidia. Lakini angalieni neno hilo vizuri, kwa maana ndani yake kuna mtego. Kama ninakulipa tu ili usifiche, basi malipo yangu ni chambo. Na mvuvi haweki chambo kikubwa kuliko kinachohitajika. Atamlipa vizuri mwenye nguvu, mwenye shamba la mbali, anayeweza kuficha mia. Mjane mwenye nguruwe mmoja aliyefungwa kwa kamba mbele ya nyumba, asiyejua kuficha, tena aliyekwenda mwenyewe kumwambia mkubwa wa kijiji kwamba mnyama wake haoni vizuri, huyo hahitaji chambo. Amekwisha kushikwa. Chambo kinamlipa mjanja. Deni linamlipa mwaminifu. Na Leta inayomwacha mwaminifu bila kulipwa inamfundisha awe mjanja mara ya pili.

Mtaniuliza habari za Wagerasi. Katika Marko 5 kundi la nguruwe karibu 2,000 liliruka baharini, na hakuna neno kwamba wenyewe walilipwa. Wahubiri wengi wanapita hapo haraka. Mimi sioni sababu ya kukimbia. Mtu mmoja aliyekaa makaburini, aliyejikata kwa mawe, alirudishiwa akili yake, na Injili inatuonyesha kwamba mtu huyo alizidi nguruwe 2,000. Jambo hilo halina mjadala. Lakini Bwana hakuwa ofisi ya Leta, wala hakuweka pale sheria ya jinsi Leta itakavyowatendea wafugaji. Tena Maandiko hayasemi kwamba wenye nguruwe walifanya dhambi walipoona hasara yao kuwa kubwa. Kosa lao ni kwamba walimsihi aondoke. Kama wangemsogelea wakamwambia, Bwana, tumepoteza vyote, tutaishije, nani ajuaye angewajibu nini?

Sasa turudi kwetu. Katika vijiji vya Kongo pesti hiyo ya nguruwe inakuja na kurudi, na mara nyingi hakuna anayekuja na bunduki wala na feza. Wanyama wanakufa wenyewe. Na sote tunajua kinachofuata: mwenye nguruwe akiona mmoja halali vizuri, masikio yamekuwa mekundu, anamchinja usiku, na asubuhi nyama iko sokoni, na ugonjwa unapanda baiskeli pamoja na nyama unakwenda kijiji cha pili. Je, mtu huyo ana hatia? Ndiyo, ana hatia. Anajua. Torati haimwachilii mwenye ng'ombe mkali aliyeonywa na asimfunge (Kutoka 21:29). Mtu anayeuza msiba wake kwa jirani amekuwa yeye mwenyewe msiba. Lakini sikubali kwamba ana hatia peke yake. Tunamwambia: zika nguruwe wako watano, upoteze masomo ya watoto wako, ili sisi wengine tupone, na sisi hatutakupa kitu. Tunamwomba awe nyumba ile iliyovunjwa, na asubuhi hatutakuwapo.

Kule ambako Leta haina mkono, watu wenyewe wanaweza kuanza kwa kidogo. Tunajua likelemba. Wamama kumi wanaofuga wanaweza kutoa kila mwezi kidogo kidogo, na mapatano yakawa hivi: anayesema mapema, anayefunga kibanda chake na kuzika, anapewa jike mmoja mdogo baada ya miezi iliyoamriwa, kibanda kikiisha kusafishwa. Anayechinja usiku hapewi. Kiasi ni kidogo, lakini kimewekwa juu ya msingi wa deni. Na wale kumi wataweza kusema mbele ya mkubwa wa Leta: sisi tumelipana, ninyi mtalipa nini?

Mwaka 2021 pesti ilirudi. Mwezi wa saba ilihakikishwa katika Jamhuri ya Dominika, na mwezi wa tisa katika Haiti. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1982, aliyesimama mlangoni akaangalia nguruwe wa mama yake anauawa, kisha mwaka uliofuata hakurudi masomoni, alikuwa sasa mtu wa miaka 49. Ni yeye sasa mwenye nguruwe. Ni kwake mtu wa ofisi atakwenda kubisha hodi, na kumwomba aseme kama mnyama wake anaugua.